Mstaafu Anayetaka Kujitolea Kijijini Ataje Kazi Moja na Siku Moja

Mtumishi wa umma anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55, akirudi kijijini Bahi, Kongwa au Chamwino, mkoani Dodoma, Tanzania, akitaka kujitolea, asimwambie mtendaji wa kijiji kwamba yuko tayari kwa kazi yoyote, bali ataje kazi moja na siku moja, kwa mfano kuwasaidia wazee kusoma na kujaza fomu kila Jumatano asubuhi katika ofisi ya kijiji, kisha aombe jambo hilo litangazwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ombi la jumla humwachia kiongozi mzigo wa kukutafutia shughuli, na kwa kuwa ana mengi, husahaulika. Siku inayojulikana humwezesha mwananchi kuja mwenyewe bila kumbembeleza mtu, na hilo ni heshima kubwa kwa mzee asiyejua kusoma. Njia hii hukwama msimu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kwa sababu watu hushinda mashambani. Wakati huo hamishia huduma jioni. Hukwama pia uchaguzi wa serikali za mitaa unapokaribia, maana wengi watadhani unatafuta uenyekiti, na hapo ni afadhali kusubiri upite ndipo uanze. Kama kazi uliyochagua inahusu wanafunzi, mwalimu mkuu aridhie kwanza, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa mwalimu.