Kuwafundisha watoto wa kipaimara kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli

Somo hili nimelifundisha miaka 19 kwenye kigango chetu cha wavuvi, kando ya Ziwa Victoria. Miaka ya mwanzo nililiharibu. Nilikuwa nabeba kikombe, namimina chai, naongeza maziwa, nasema: haya, umungu na ubinadamu ndani ya Yesu mmoja. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Katekista, hiyo si chai ya rangi tena, na maziwa yenyewe siyaoni. Ina maana Yesu hakubaki Mungu wala mtu?" Nikamwambia akae. Jioni ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimewafundisha kosa la Eutike, mmonaki wa Konstantinopoli, kwamba umungu na ubinadamu vilichanganyika vikawa asili moja, kosa ambalo maaskofu walishalikataa kwenye Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451.

Kwa hiyo kikombe kiache nyumbani. Mfano wa popo, nusu ndege nusu mnyama, uache pia. Hata ule wa kanzu, kwamba Mungu alivaa mwili kama nguo, haufai: kanzu ikichanika mwenye nguo hatoki damu.

Njoo na Biblia, chaki na ubao, na uanze na mashua ya Marko 4:35-41. Mtoto anayesoma vizuri asome polepole. Akifika "alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto", msimamishe. Kila mwaka yupo anayedhani Yesu alilala juu ya maji ya mto, kama Kagera vile. Wacheke kidogo, kisha waambie ni mto wa kulalia. Shetri ni kule nyuma ya chombo, anakokaa mshika usukani. Sasa uliza: ni mtu gani analala dhoruba ikivuma na maji yanaingia chomboni? Watoto wa kwetu hawahitaji kufikiri. Baba zao wakirudi alfajiri kutoka kwenye dagaa hujitupa juu ya nyavu zilizolowa, na hata umwite mara tatu haamki. Kaa hapo, usiwe na haraka. Yesu alichoka hivyo hivyo, hakuigiza.

Ndipo wafungue Zaburi 121:4, isemayo kwamba mlinzi wa Israeli, yaani Mungu, hasinzii wala halali. Darasa litanyamaza. Nyamaza nalo, halafu msomaji aendelee: "Nyamaza, utulie." Upepo ukakoma. Waulize ni nani kijijini aliyewahi kuliamuru ziwa likatii.

Sasa ubao. Chora mstari katikati. Kushoto waandike ya kibinadamu: alilala, aliona njaa jangwani, alilia kwenye kaburi la Lazaro, aliona kiu msalabani. Kulia: alituliza dhoruba, alisamehe dhambi, alimwita Lazaro akatoka. Wakimaliza, futa ule mstari kwa kiganja, mbele yao, na juu ya yote andika YESU. Uliza, "Aliyelala ni nani?" Watasema Yesu. "Aliyekemea upepo?" Yesu. Ukiuliza ni nani, jibu ni mmoja. Ukiuliza ni nini, majibu ni mawili, Mungu na mtu. Maneno ya Kalkedonia, Nafsi moja yenye asili mbili, yataje hapo tu. Ukiyataja mwanzoni watayakariri kama jedwali la kuzidisha, na yatawatoka vilevile.

Swali gumu litakuja, na kwetu huwa linatoka uwanjani, kwa wenzao Waislamu: Mungu anakufaje? Usiwaruhusu kulidharau. Jirani anayemheshimu Isa kama nabii ana haki ya kuuliza. Jibu hivi: umungu haufi, lakini aliyekufa ni Mwana wa Mungu mwenyewe, kwa mwili alioutwaa kwa Maria. Ndoano ikimchoma mvuvi kidoleni hatusemi kidole kimeumia na mwenyewe yuko salama. Tunasema fulani kaumia. Mfano huu nao una mwisho wake, usiuvute sana. Waonyeshe kwamba jibu wanalo mdomoni kila siku: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Mama humzaa mtu mwenyewe, hazai asili. Jina hilo, Mama wa Mungu, ndilo Nestori, askofu wa Konstantinopoli, alilolikataa, na Mtaguso wa Efeso ukalitetea mwaka 431.

Akitokea anayesema Yesu ni Mungu, ila mdogo kidogo kuliko Baba, mweleze kwa ufupi kuwa Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha jambo la namna hiyo, na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ukamkatalia.

Malizia kwa Kanuni ya Imani ya Nikea, mstari kwa mstari. Kwenye "mwenye umungu mmoja na Baba" simama. Hilo ndilo jibu alilopewa Ario. Halafu fanyeni mazoezi ya kuinama kuanzia "Akapata mwili" hadi "akawa mwanadamu", maana wengi huinama kwa sababu wa mbele kainama. Na usisahau kuwaambia kwamba Noeli na sherehe ya Maria kupashwa habari na malaika, ambayo kwa kawaida ni tarehe 25 Machi, hapo hatuinami, tunapiga magoti. Mwaka mmoja nilisahau, na safu yangu nzima ikabaki imesimama Noeli, mimi peke yangu nimepiga magoti.