Jinsi ya kupanga ukoo wa wafalme wa Lynkestis bila kuchanganya watu

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alikuja nyumbani na laptop, kapewa kazi chuoni achore ukoo wa watawala wa Lynkestis, ile nchi ndogo ya milimani huko Makedonia ya kale, na alikuwa tayari ana michoro mitatu ya mtandaoni inayopingana. Tulikaa nayo siku nzima mpaka usiku. Mimi hawa watu wa Makedonia ya Juu nawapenda tangu zamani, manake kila mtu anamjua Alexander Mkuu ila majirani waliowasumbua wafalme wa Makedonia waliomtangulia hawajulikani. Naandika hapa tulivyofanya ili mwingine asipoteze siku kama sisi.

Hatua ya 1: Jua nchi yenyewe iko wapi

Fungua ramani tafuta Florina kaskazini mwa Ugiriki, alafu Bitola upande wa pili wa mpaka, Makedonia Kaskazini. Hapo katikati, tambarare iliyozungukwa na milima, ndo Lynkestis au Lynkos. Majirani wake ni Pelagonia, Orestis, Elimeia, na magharibi Wailliria. Hao Wailliria usiwasahau, watarudi.

Hatua ya 2: Anza na Thucydides, sio na michoro ya watu

Hapa sibishani na mtu. Mchoro wa mtandaoni unakupa mistari bila kukwambia nani kasema. Thucydides, mwandishi wa historia wa Athens, alikuwa hai mambo yakitokea, na tafsiri zake zipo bure kwenye tovuti ya Perseus. Soma kitabu cha 2 sura ya 99, anaposema Walynkesti na Waelimioti ni Wamakedonia pia, wako chini ya mfalme wa Makedonia lakini wana falme zao wenyewe. Alafu kitabu cha 4 sura ya 83, na 124 mpaka 128.

Humo utampata Arrhabaios mwana wa Bromeros, mfalme wa Walynkesti. Perdiccas wa Pili wa Makedonia alitaka kumtiisha, akamwita Brasidas jemadari wa Sparta amsaidie, tena alikuwa analisha nusu ya jeshi lake. Mara ya kwanza Brasidas akaongea na Arrhabaios akaondoa jeshi, Perdiccas akakasirika akapunguza posho kutoka nusu hadi theluthi. Mwaka 423 KK wakarudi tena, wakashinda vita ya kwanza, wakakaa kusubiri Wailliria waliokodiwa na Perdiccas, mara habari ikaja kwamba Wailliria wamegeuka wako na Arrhabaios! Usiku jeshi la Perdiccas likaingiwa na hofu likakimbia lote, kulipokucha Brasidas kajikuta peke yake na watu wake, ikabidi atoke akipigana mpaka Arnissa. Askari wake walikuwa na hasira, kila mkokoteni wa ng'ombe wa Wamakedonia waliokutana nao njiani waliwafungua ng'ombe wakawachinja. Perdiccas na Sparta urafiki ukaishia hapo. Yani huyu mfalme wa nchi ndogo kavunja ushirika wa wakubwa wawili.

Andika kadi: Bromeros, chini yake Arrhabaios, pembeni "423 KK, Thuc. 4". Kadi moja mtu mmoja, kila kadi ina jina la aliyesema. Natumia kadi za karatasi na penseli, programu za ukoo sizipendi kwa kazi hii kwa sababu zinakulazimisha ujaze baba na mama hata pale ambapo hakuna aliyewataja, na ukishajaza kitu hukumbuki tena kama ulikisia.

Hatua ya 3: Cheo

Mwite mfalme. Mpwa wangu alikuwa kaandika "chifu" kila mahali kisa nchi ni ndogo. Thucydides anatumia neno basileus, ni lile lile wanaloitwa wafalme wakubwa. Sisi hatuna sababu ya kumshusha cheo.

Hatua ya 4: Sirras (hapa soma taratibu)

Hii ndo iliyotula masaa. Strabo, mwandishi wa jiografia aliyeandika karibu miaka 400 baadae, kitabu cha 7, anasema Walynkesti walikuwa chini ya Arrhabaios wa ukoo wa Bakchiadai, na kwamba Eurydike mama yake Philip wa Pili (baba wa Alexander Mkuu) alikuwa mjukuu wake kwa upande wa binti. Mpaka hapo sawa. Alafu yanakuja maneno matatu ya Kigiriki: Sirra de thygater. Michoro miwili kati ya mitatu ilikuwa imeandika Arrhabaios, chini yake binti anaitwa Sirra, chini yake Eurydike. Imenyooka kabisa, inapendeza, na sio sahihi.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, huyu Sirra ni mwanamke au mwanaume?" Ndo swali lenyewe.

Maneno yale yanasomeka namna mbili. Ukichukua Sirra kama jina la mwanamke inakuwa "na Sirra alikuwa binti yake". Lakini kwa Kigiriki cha watu wa kule, jina la mwanaume linaloishia na -as, ukitaka kusema "wa fulani", ile s inadondoka tu. Sirras ni mtu, Sirra ni "wa Sirras". Kwa hiyo inasomeka pia "na binti wa Sirras", yani anayesemwa bado ni Eurydike. Kama unasoma tafsiri peke yake hili hulioni, maana mtafsiri kashachagua kwa niaba yako.

Tutajuaje ipi? Kuna mashahidi wawili na wote hawategemei Strabo.

Wa kwanza ni jiwe. Vergina huko Ugiriki, ulipokuwa Aigai mji mkuu wa zamani wa Makedonia, wachimbaji miaka ya 1980 walipata kitako cha sanamu kwenye eneo takatifu la Eukleia, kimeandikwa maneno matatu: Eurydika Sirra Eukleiai. Eukleiai ni "kwa Eukleia", ndo mungu anayepewa zawadi. Eurydika Sirra ni jina la mtoaji. Nilimwambia mpwa wangu soma kama unavyosoma Asha Juma. Hakuna anayedhani Juma ni jina la pili la Asha au la mama yake, unajua tu Juma ni baba na neno "binti" limemezwa. Akaelewa hapo hapo, ni kitu kile kile.

Wa pili ni Aristotle kwenye Siasa, kitabu cha 5. Anasema mfalme Archelaos wa Makedonia alipobanwa na vita dhidi ya Sirras na Arrhabaios, alimwozesha binti yake mkubwa kwa mfalme wa Elimeia. Archelaos alikufa 399 KK, miaka inakubali vizuri. Sirras anapigana vita bega kwa bega na Arrhabaios, sasa ni mwanaume na ni mkwe wake.

Kwa hiyo chora hivi: Arrhabaios, chini yake binti asiye na jina (acha kadi tupu, usimbatize), ameolewa na Sirras, mtoto wao Eurydike, aliyeolewa na Amyntas wa Tatu akazaa Alexander wa Pili, Perdiccas wa Tatu na Philip wa Pili, wote watatu walitawala. Philip ni kitukuu wa Arrhabaios na Alexander Mkuu ni kilembwe wake.

Tahadhari mbili. Sirras mwenyewe kuwa Mlynkesti au Mwilliria wasomi wanabishana, andika yote mawili kwenye kadi. Na hao Bakchiadai ni ukoo uliotawala Korintho mpaka ukapinduliwa na Kypselos karne ya 7 KK, kudai damu yao ni heshima kama watawala wa pwani yetu walivyodai Shirazi, iandike kama dai la ukoo usichore mstari.

Hatua ya 5: Watoto wa Aeropos

Philip alimshinda Bardylis wa Illiria 358 KK akaimeza Makedonia ya Juu, akajenga Herakleia karibu na Bitola ya leo. Wafalme wanaisha, ukoo unabaki jeshini. Arrian, mwandishi wa historia ya Alexander Mkuu, anataja ndugu watatu wana wa Aeropos: Alexander, Heromenes na Arrhabaios. Philip alipouawa 336 KK, Heromenes na Arrhabaios waliuawa kwa kuhusishwa na mauaji hayo. Ndugu yao Alexander akapona, alikuwa wa kwanza kumtambua mfalme mpya, yani Alexander Mkuu, na mkewe ni binti wa Antipater, jemadari mkubwa wa Philip.

Jina la Arrhabaios kurudi linaonyesha ukoo ni ule ule, kwetu pia mtoto anapewa jina la babu. Ila hakuna mwandishi anayesema baba wa Aeropos ni nani, kwa hiyo hapo ni nukta nukta tu, SIO mstari. Mchoro wowote wenye mstari hapo umekisia.

Angalia pia Neoptolemos mwana wa huyu Arrhabaios wa pili. Alikufa vitani Halikarnassos, mji wa pwani ya Uturuki ya leo, 334 KK, Arrian anamweka upande wa Waajemi, mwandishi mwingine wa kale Diodorus anamweka upande wa Wamakedonia. Kadi moja, andika maelezo yote mawili.

Hatua ya 6: Miaka

KK inahesabiwa kurudi nyuma, 423 ni kabla ya 399. Endelea.

Hatua ya 7: Kadi ya mwisho

Ni ya Alexander wa Lynkestis. Mwajemi mmoja, Sisines, alikamatwa akiwa amebeba ujumbe wa Darius mfalme wa Uajemi kwa huyu Alexander: amuue Alexander Mkuu, apewe ufalme wa Makedonia na talanta 1,000 za dhahabu. Alexander wa Lynkestis akawekwa kizuizini. Mwaka 330 KK, baada ya kesi ya Philotas, jemadari wa Alexander Mkuu aliyeshtakiwa kwa njama, wakamleta mbele ya jeshi ajitetee. Curtius, mwandishi wa Kirumi, anasema alikuwa na miaka mitatu ya kuandaa maneno yake, na aliposimama yakamkwama mdomoni, walio karibu wakamchoma mikuki. Weka jina la Curtius kwenye kona ya kadi, alafu ndo uhamishie kila kitu kwenye kompyuta.