Siku moja Posta: makumbusho, bustani na kahawa bila kuumizwa na foleni

Watu wengi wakija Dar siku mbili tatu wanajipangia asubuhi Mbezi Beach, mchana Kariakoo, jioni Masaki, halafu wanarudi kwao wanasema Dar haina kitu zaidi ya joto na foleni, sasa utaonaje kitu wakati siku nzima umekaa kwenye gari? Mi nachoshauri ni hiki, chagua Posta, yaani katikati ya mji, zunguka kwa miguu, sehemu za mbali ziwekee siku yake.

Kama unatokea upande wa Kimara, Ubungo au Magomeni panda mwendokasi ya Kivukoni ushuke Posta ya Zamani, utaliona hapo kanisa la Azania Front na bahari mbele yako. Kutoka hapo panda mpaka ilipo sanamu ya Askari, yule wa shaba aliyeshika bunduki, yupo hapo tangu 1927 na watu wote wa mjini wanaelekezana kwa kumtaja yeye kwa hiyo hata ukipotea uliza Askari tu. Afu ifuate barabara ya Samora uelekeo wa bustani ya mimea, vivuli vinaongezeka kadiri unavyokwenda.

Makumbusho ya Taifa iko mtaa wa Shaaban Robert. Fika kwenye saa nne hivi asubuhi, na kitambulisho usisahau maana bei ya Mtanzania na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Jengo la zamani lilifunguliwa 1940 kama kumbukumbu ya mfalme George wa Tano wa Uingereza, jipya lipo nyuma yake. Anzia chanzo cha binadamu, yaani habari za bonde la Olduvai na lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolikuta mtafiti Mary Leakey 1959, umri wake ni kama miaka milioni 1.75, na usiziruke nyayo za kale za Laetoli, hizo ni za miaka milioni 3.6 na ukiziangalia vizuri unaona kabisa kisigino na kidole gumba kama mtu kapita kwenye tope jana. Ukitoka hapo nenda vyumba vya Kilwa na biashara ya pwani halafu enzi za Mjerumani. Chukua muongozaji, watu wanabania hapo lakini bila yeye utasoma vibao vitatu utachoka, yeye ndo anakuambia hiki kilipatikana wapi na kwa nini kipo hapa.

Ukitoka kwenye vyumba usikimbilie geti. Kuna magari ya zamani ya viongozi, mojawapo ni Rolls-Royce iliyoanza na serikali ya mkoloni ikaja kutumika na Mwalimu, watoto wanaipenda kuliko mafuvu yote. Na uani kuna kumbukumbu ya waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998, wengi wanapita hawajui ni nini.

Bustani ya mimea iko hapo hapo jirani. Ndogo, ukitegemea bustani kubwa ya kwenye picha utasikitika, lakini kwa kupumzika saa saba mchana mji mzima haina mpinzani. Wajerumani waliianzisha 1893, walikuwa wanajaribishia mazao ya biashara. Muulize mtunza bustani akuonyeshe mnazi wa Shelisheli, ule wenye mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani. Beba maji yako, beba na kitu cha kukalia. Simu pigia picha miti na ndugu zako, ila ukisogea upande wa Ikulu iweke mfukoni, hapo hawana utani.

Njaa ikiuma rudi Kisutu, K-Tea Shop, mahali pa siku nyingi, chai na vitafunwa vya Kihindi, watu wa maofisini wamejazana na kelele kibao, hapafai kwa kufungua laptop. Ukitaka sofa na kiyoyozi zipo kafe za kisasa Masaki na Slipway, sijazikataa, ila kapuchino ya huko ni ile ile utakayoipata mji wowote.

Kahawa yenyewe ya Dar iko kijiweni, na inataka jioni jua likishapoa. Tafuta birika refu juu ya jiko dogo la mkaa na mabenchi yamezunguka, au msikilize muuzaji wa kutembea, anagonganisha vikombe mkononi unamsikia kabla hujamuona. Ukifika salimia kwanza, wazee shikamoo yao, halafu sogea kwenye benchi hata kama pamebaki nafasi ya nusu mtu. Kikombe ni kidogo, hakina mkono, kahawa ni chungu na haiwekwi sukari, sukari yako ni kashata ya karanga, unang'ata kidogo unapiga funda moja. Usiimalize haraka, maana unachonunua pale ni maongezi, Simba na Yanga, bei ya mafuta, nani kamuoa nani. Ukiulizwa timu yako jibu, ukikwepa ndo watakuandama. Na nenda na chenji, noti ya elfu kumi kwa kikombe kimoja cha kahawa ni kumtesa mzee wa watu.

Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kiachie siku ya pili, daladala za Makumbusho zipo nyingi. Kipo tangu 1966, kuna nyumba za makabila zimejengwa saizi ile ile ya kukaliwa, msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, unaingia mpaka ndani. Nenda wikiendi mchana ukute ngoma, ila piga simu kwanza uulize kama siku hiyo ipo, na kama ni masika vaa viatu vya tope.