"Fundi, hii fimbo hairudishi"

Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia zaidi hapa Mwanga, Kigoma, ninapobandika ngozi za fimbo za pool mchana na kufundisha vijana jioni. Kurudisha, kwa asiyejua, ni pale mpira mweupe unapogonga mwingine kisha unarudi kwako kama umeitwa. Anayeleta fimbo huwa ameshaihukumu, na pengine ameshaanza kuulizia bei ya nyingine. Mimi huigeuza kwanza nitazame kichwa chake. Mara nyingi nakuta ngozi, kile kipande kidogo kinachogusa mpira, inang'aa kama kiatu kilichopigwa brashi.

Nitakupitisha hatua kwa hatua, kuanzia ngozi hadi kitambaa cha meza. Ila shika hili kwanza, maana yaliyobaki yote yanalitegemea: spini, yaani ule mzunguko wa mpira, inatokana na umbali kati ya katikati ya mweupe na pale ngozi ilipogusa, pamoja na kasi ya fimbo wakati inagusa. Fimbo ya bei mbaya na fimbo ya kuazima, zikigusa mahali pamoja kwa kasi ileile, mweupe utazunguka karibu sawa. Kazi ya vifaa ni kukuwezesha kugusa pale ulipokusudia bila kuteleza.

Hatua ya 1: Ngozi

Hapa ndipo nitakapokaa sana. Zamani fimbo za biliadi zilikuwa mti mtupu, na ukigusa nje ya katikati zilikuwa zinateleza. Anayetajwa kuwa aliyeleta ngozi kichwani mwa fimbo ni Mfaransa François Mingaud, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Haikupita muda mrefu, mwaka 1835, mwanasayansi Coriolis, naye Mfaransa, akatoa kitabu kizima cha hesabu za spini kwenye biliadi. Kipande cha ngozi kisichozidi ukucha ndicho kilichofungua mlango wote huo.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni umbo. Ngozi iwe na mgongo wa mviringo. Simamisha sarafu ya shilingi mia pembeni yake, mikunjo yao ikaribiane, au ngozi iwe na mviringo zaidi kidogo. Ikiwa bapa, ukilenga chini ya mweupe inayogusa ni kingo yake, na kingo haishiki. La pili ni uso. Upapase kwa kidole. Ukiteleza kama kioo, chukua kipande cha msasa laini uukwaruze taratibu kuelekea pembeni, mpaka uone unyoya mdogo wa ngozi. La tatu ni unene. Ikibaki milimita 2 hivi, ing'oe.

Kuibadilisha si kazi ya kuogopa. Kata ile ya zamani kwa wembe, safisha gundi yote juu ya pete nyeupe inayokaa chini ya ngozi, kisha sawazisha uso wa pete kwa msasa uliolazwa juu ya kitu bapa. Usiusugue kwa kuushika mkononi, utaulaza upande. Kwaruza pia upande wa chini wa ngozi mpya, ule utakaobandikwa. Tone moja la supaglu linatosha. Bana kwa kidole gumba, hesabu mpaka sitini, kisha iache saa kadhaa kabla ya kuipiga. Baada ya hapo simamisha fimbo kichwa chini juu ya ubao, ukate ngozi iliyozidi kwa wembe mkali, kidogo kidogo, ukiizungusha fimbo. Ukisikia wembe unagusa pete, acha. Pete ikikwaruzwa umeiharibu. Na kama fimbo ni ya mwenye meza, omba ruhusa kwanza.

Laini au ngumu? Chukua ya katikati. Laini inashika chaki vizuri lakini inamwagika pembeni kama uyoga, ngumu inadumu lakini inataka chaki kila mara. Tofauti yao kwenye spini yenyewe ni ndogo.

Hatua ya 2: Chaki

Chaki ya pool si ile ya darasani. Tangu Wamarekani Spinks na Hoskins wa Chicago walipopata hataza yao, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1897, chaki hii imetengenezwa kwa unga wa mawe magumu unaokwaruza, ndiyo maana inaifanya ngozi ishike. Nimeona vijana wakipaka chaki ya mwalimu, halafu wanashangaa fimbo inateleza.

Ipake kama unavyopiga mswaki, ukifunika uso wote, hasa pembeni, maana pembeni ndiko kunakogusa ukitaka spini. Usiichimbe katikati kwa kuizungusha. Paka kabla ya kila shuti lenye spini.

Kwa sisi wa Kigoma naongeza jambo: nawa mikono kwa sabuni. Mtu anakula mgebuka wa kukaanga kwa mawese, anajifuta kwenye suruali, anashika mweupe. Mafuta yale yanaingia kwenye mpira, kwenye ngozi na kwenye mti wa fimbo, na hakuna chaki itakayoshinda mawese.

Hatua ya 3: Fimbo yenyewe

Kwa ufupi. Fumba jicho moja uitazame kwa urefu. Ikiwa imepinda, iache. Uzito wa gramu 510 hadi 600 unafaa watu wengi. Kichwa cha milimita 12 au 13 kinazoeleka kwa mipira mikubwa, chembamba zaidi kwa mipira midogo.

Niliwahi kudunduliza pesa miezi mingi nikaagiza fimbo kutoka Dar es Salaam, ya aina ile yenye ncha nyepesi. Muuzaji alinihakikishia kwamba itaongeza spini. Ilipofika kwa treni niliifungua palepale stesheni, na jioni ile nikapiga mashuti yangu yote ya kurudisha. Mweupe ukarudi palepale ulipokuwa unarudi siku zote. Iliniuma. Miezi ilipopita ndipo nilipoelewa kazi ya ncha nyepesi: inapunguza mweupe kupotoka ukiupiga pembeni. Ina faida yake, ila haikuwa niliyouziwa.

Hatua ya 4: Mkono

Ngozi inagusana na mweupe kwa muda wa karibu sekunde moja ukiigawa mara elfu. Hakuna kifundo cha mkono kinachoweza kufanya lolote ndani ya muda huo. Kwa hiyo ile tabia ya kukung'uta mkono mwishoni ili "kuongeza spini" haiongezi kitu, inachafua tu mahali pa kugusa.

Fanya hivi. Laza fimbo karibu sawa na meza kadiri ukingo utakavyokuruhusu. Mkono wa mbele uukaze mezani. Ukilenga chini, shusha vidole badala ya kuinua mkono wa nyuma. Umbali kati ya mkono wa mbele na mweupe uwe sentimita 20 hivi, pungufu kama unaanza. Mkono wa nyuma ushike fimbo kama umebeba kifaranga, isianguke wala isibanwe. Vuta nyuma polepole, tua kidogo, kisha iache fimbo ipite.

Acha ipite mpaka ng'ambo ya pale mweupe ulipokuwa. Mweupe unakuwa umeshaondoka, kweli, lakini anayekusudia kusimamisha fimbo mapema huanza kufunga breki kabla ya kugusa, na kasi inamwishia pale alipoihitaji.

Hatua ya 5: Zoezi la mpira wa mistari

Zoezi hili ndilo linalowafungua macho wengi. Chukua mpira wenye mkanda, tuseme namba 11, uutumie kama mweupe. Ufute vizuri. Ulaze mkanda uwe mlalo kama mshipi kiunoni. Ukingo wa chini wa mkanda ni karibu nusu ya safari kutoka katikati hadi chini kabisa, na hapo ndipo mpaka ulipo: ukivuka, fimbo inateleza hata ngozi ikiwa mpya. Kwa mpira wa milimita 57 mpaka huo ni milimita 14 kutoka katikati, usizidishe.

Weka mpira mwingine sentimita 30 mbele, ukiwa umenyooka na tundu. Paka chaki, lenga juu kidogo ya ukingo wa chini wa mkanda, piga. Kisha uokote ule wa mistari utafute doa la chaki. Karibu kila ninayemfundisha huniapia kwamba alipiga chini, na doa linaonekana karibu na namba, katikati. Hofu ya kuteleza inamwinua mkono bila yeye kujua. Rudia mpaka doa likae pale unapolenga, mara kumi mfululizo.

Hapo sasa ongeza umbali: sentimita 60, kisha 90. Utaona kurudi kunapungua. Mpira unasafiri ukiteleza huku unazunguka kinyume, na kitambaa kinakula mzunguko huo njia nzima. Ukiisha kabla ya kugonga, mpira unaanza kubingirika mbele. Usijibu kwa kushuka chini zaidi. Baki palepale, ongeza kasi.

Hatua ya 6: Spini ya pembeni

Nakusihi uichelewe. Ukipiga kulia mwa mweupe, wenyewe unapotoka kidogo kushoto tangu unapoondoka. Ikiwa digrii 2 tu, baada ya mita 1 umekosea sentimita 3.5, na mpira hauingii. Itumie kwanza kwenye mashuti mafupi, ili uone mweupe unavyobadili njia ukigonga ukingo wa meza. Na fimbo iwe imelala. Ukiinua kitako, mweupe utachora upinde.

Hatua ya 7: Kitambaa

Miezi ya mvua, hasa mabaa yaliyo karibu na ziwa kule Kibirizi, kitambaa kinanyonya unyevu na kuwa kizito. Kurudisha kulikokupa nusu meza mwezi Julai kutakupa sentimita chache Desemba. Kabla ya mchezo piga shuti moja la sentimita 60, uone mweupe unarudi kiasi gani, ndipo upange mashuti yako ya usiku ule. Ukiona kitambaa kina vumbi, mwombe mwenye meza brashi. Piga kuelekea upande mmoja tu, toka kichwani mwa meza, unakovunjia mchezo, hadi mguuni, inakopangwa mipira, na usiimwagie maji hata akikuambia ndivyo wanavyofanya siku zote.