Kukodi Mashua ya Matanga Visiwa vya Virgin vya Uingereza: Anzeni na Pasipoti

Kundi la watu wanane wa Afrika Mashariki walioko ughaibuni huwa na pasipoti za namna tatu au nne. Mmoja ana ya Kenya, wawili wana za Tanzania, mwingine keshachukua uraia wa Uingereza, mwingine ana grinikadi ya Marekani. Kwa hiyo kabla ya kutazama picha za mashua, wekeni pasipoti zote mezani na mpange safari kwa kufuata ile yenye masharti magumu kuliko zote.

Visiwa vya Virgin vya Uingereza, vilivyoko Karibea, vina uhamiaji wao wenyewe. Kuwa na kibali cha kuishi London hakumaanishi umeshakaribishwa Tortola, kisiwa chao kikuu. Kila msafiri aiandikie idara ya uhamiaji ya huko, ataje pasipoti na kibali chake cha ukaazi, na apate jibu la maandishi kabla amana haijalipwa. Kisha tazameni njia ya ndege. Wengi hupitia San Juan, Puerto Rico, au hushuka St. Thomas na kumalizia kwa feri. Kote kuwili ni ardhi ya Marekani, na asiye na ruhusa ya kuingia Marekani hawezi hata kubadilisha ndege pale. Mwenye pasipoti ya Ulaya naye asitegemee ESTA, idhini ya mtandaoni ya kuingia Marekani bila visa, ikiwa mnataka kuvuka na mashua mpaka St. John, kisiwa jirani cha Marekani: ESTA haifai kwa anayewasili kwa chombo cha binafsi, anahitaji visa kamili. Wanaofikiria Martinique badala yake wajue kuwa kisiwa hicho ni cha Ufaransa lakini kiko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye visa moja. Aliyetoka nyumbani Afrika Mashariki siku za karibuni abebe cheti cha homa ya manjano.

Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga Irma kilivibomoa visiwa hivi tarehe 6 Septemba 2017, kwa hiyo bei nafuu za Septemba zina sababu yake. Kwa wageni wa matanga, Machi hadi Mei ndiyo miezi bora. Kwetu kaskazi humpisha kusi. Kule upepo hutoka upande wa mashariki karibu mwaka mzima, kwa kawaida maili za baharini 15 hadi 20 kwa saa. Kati ya Desemba na Januari unaweza kupita 25 kwa siku kadhaa mfululizo, na mawimbi ya kaskazini huingia Cane Garden Bay usiku, mashua ikayumba watu wasilale.

Kuchukua mashua bila nahodha kunahitaji mtu aliyekwisha kuongoza chombo cha ukubwa unaokaribiana; kampuni itaomba maelezo ya safari zake. Kama hakuna, ajirini nahodha na msione haya. Kumbukeni tu kwamba nahodha huhitaji chumba chake na chakula, hivyo katamarani (mashua pana ya viunzi viwili sambamba) ya vyumba vinne inabaki na vitatu vyenu. Hapo ndipo makundi mengi hukosea hesabu.

Anayejua bahari ya kwetu ana mambo mawili ya kusahau. La kwanza ni maboya. Ukiingia bandari ya Mombasa kutoka baharini, maboya mekundu huyaacha kushoto. Karibea huyaacha kulia. La pili ni maji kupwa na kujaa. Zanzibar, chombo kikipwelewa watu husubiri maji yajae, kwa sababu bamvua huinua bahari mita nne hivi. Tortola tofauti haifiki nusu mita. Ukipanda mwamba umepanda, hakuna maji yatakayokuja kukunyanyua. Ndiyo maana matumbawe husomwa jua likiwa juu, na mashua iwe imeshafungwa kufikia saa kumi jioni. Kampuni nyingi hukataza kusafiri usiku.

Kutoka Road Town, mji mkuu ulioko Tortola, nendeni kwanza Norman Island, kisha Cooper Island, halafu Virgin Gorda. Mnabisha dhidi ya upepo siku za mwanzo mkiwa na nguvu, na mnarudi magharibi kuelekea Jost Van Dyke upepo ukiwa nyuma. Penye The Baths, miamba mikubwa ya ufukweni Virgin Gorda, fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, maana maboya ya kufungia mashua mchana ni machache na yana kikomo cha muda. Anegada ni tambarare, juu kabisa ni kama mita nane, hivyo huonekana ukiwa umeshakaribia na mwamba mrefu umeizunguka. Bila nahodha mzoefu iacheni.

Nanga itiwe kwenye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Hesabu mnyororo kutoka kwenye omo: kina cha mita 5 na urefu wa omo mita 1.5 ni 6.5, zidisha kwa tano, kisha shusha mnyororo wa kama mita 33. Upepo ukizidi, zidisha kwa saba. Rudisha injini nyuma taratibu, kisha mtu azame aione nanga kwa macho. Boya la kufungia mashua nalo likaribieni dhidi ya upepo, mkilinasa kwa upondo wenye kulabu. Katamarani hufungwa kamba mbili, kila moja itoke upande wake, ipite kwenye kitanzi cha boya na irudi upande uleule. Kamba moja ikipita kutoka upande hadi upande husuguana usiku kucha mpaka ikatike.

Maji: tangi la lita 700 kwa watu wanane wanaotumia lita 25 kila mmoja kwa siku huisha siku ya nne. Ya kunywa nunueni kando, lita 3 kwa mtu, yaani lita 168 kwa juma. Choo kisitiwe karatasi. Kikiziba baharini, mtakifungua wenyewe.

Siku ya kukabidhiwa, pigeni picha za video omo mpaka tezi, sehemu ya chini ya dingi (kijimashua cha kwendea pwani) na kila mkwaruzo, nahodha wa kampuni akiwapo. Picha hizo ndizo zitakazotetea amana yenu.