Kabla ya Kupandisha Potileti: Mambo ya Kukagua ili Fremuweki Isigome Kuamka

Potileti, yaani programu ndogo ya Java inayoonyeshwa kama kisanduku ndani ya ukurasa wa lango (portal), ikigoma kuamka, wengi hukimbilia msimbo wa Java na kuanza kutafuta kosa humo. Mara nyingi huko hakuna kitu. Fremuweki, yaani kiunzi kinachobeba msimbo wako, huanguka ikiwa bado inasoma mafaili yake na kukusanya maktaba zake, kabla hata ya mstari mmoja wa kazi yako kuguswa. Ukaguzi wenye faida ni ule unaofanywa kabla faili la WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java) halijafika kwenye seva, nao unahusu vitu visivyovutia hata kidogo: majina ya mafaili, matoleo, na nani amebeba maktaba gani. Hapa nazungumzia zaidi Spring (fremuweki ya Java) ikiwa ndani ya Tomcat (seva ya programu za wavuti za Java), ingawa mengi yanafaa hata kwa anayetumia fremuweki nyingine.

Kwanza jua nani anaamka kabla ya nani, kwa sababu programu ya potileti ina mabwana wawili. Tomcat inasoma web.xml na kuwasha wasikilizaji (listeners, vipande vya msimbo vinavyoitwa programu inapowaka) waliotajwa humo, akiwemo ContextLoaderListener wa Spring, ambaye usipomwelekeza kwingine atatafuta /WEB-INF/applicationContext.xml. Kisha injini ya potileti, sehemu ya lango inayoziendesha, inasoma portlet.xml na kusajili potileti zako. Sasa hapo pana mtego: viwango vya potileti vinairuhusu injini hiyo kuahirisha kuianzisha potileti mpaka itakapohitajika. Maana yake seva inaweza kuwaka bila lalamiko lolote, ukaamini mambo ni shwari, halafu kosa likatokea pale mtumiaji wa kwanza anapofungua ukurasa. Ukurasa wote utaonekana sawa isipokuwa kisanduku kimoja kinachosema potileti haipatikani. Kwa hiyo usihesabu kwamba programu imeamka mpaka umefungua kila ukurasa wenye potileti yako, mwenyewe, kwa kivinjari.

Jina la potileti lina uzito kuliko linavyoonekana. DispatcherPortlet, potileti ya Spring inayopokea maombi, huchukua jina lililo kwenye portlet.xml, huongeza -portlet.xml mwishoni mwake, kisha hulitafuta faili hilo ndani ya WEB-INF. Ukiita potileti yako kalenda, inatakiwa kuwepo /WEB-INF/kalenda-portlet.xml, au uandike mwenyewe njia ya faili kwenye kigezo cha contextConfigLocation. Mtu akibadilisha jina upande mmoja na kusahau wa pili, atakutana na ujumbe huu: Could not open PortletContext resource [/WEB-INF/kalenda-portlet.xml]. Ujumbe wenyewe hauna fumbo, umetaja hadi njia kamili. Kinachowapoteza watu ni herufi kubwa na ndogo. Kwenye Windows Kalenda-portlet.xml na kalenda-portlet.xml ni faili lilelile, kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti. Ndiyo maana kitu kinafanya kazi kwenye kompyuta ya mtengenezaji na kufa kwenye seva. Fungua WAR yenyewe, orodhesha yaliyomo, usome majina kwa macho yako. Usitegemee unachokiona kwenye kihariri.

Ukiwa kwenye mafaili hayo, angalia pia nani anamwona nani. Vijenzi (beans, vitu ambavyo Spring huviunda na kuviunganisha) vya potileti vinaviona vilivyo kwenye applicationContext.xml, lakini vya applicationContext.xml havivioni vya potileti. Huduma uliyoiweka juu kwenye applicationContext.xml ikidai kitu kilichotangazwa chini kwenye kalenda-portlet.xml, utapata NoSuchBeanDefinitionException, na utaapa kwamba umekitangaza. Ni kweli umekitangaza, ila mahali pasipofaa.

Maktaba ndizo zinazokula muda wa watu kuliko yote. Faili la portlet-api.jar halitakiwi kuwemo ndani ya WEB-INF/lib. Lango tayari linalo la kwake, na klasi moja ikipakiwa na vipakiaji viwili Java huzihesabu kuwa klasi mbili. Matokeo yake ni ClassCastException inayodai kwamba klasi yako haiwezi kugeuzwa kuwa javax.portlet.Portlet, wakati wewe unaiona kabisa kwamba inatekeleza kiolesura hicho. Kwenye Maven (chombo cha kujenga miradi ya Java) dawa ni kuipa tegemezi hiyo skopu ya provided, maana yake seva ndiyo itakayoitoa, na vivyo hivyo servlet-api. Baada ya hapo endesha mvn dependency:tree usome mti wote. Ukikuta spring-core ni toleo moja na spring-context ni jingine, NoSuchMethodError inakusubiri. Na usichanganye makosa mawili yanayofanana majina: ClassNotFoundException husema klasi ilitafutwa kwa jina lake ikakosekana, ilhali NoClassDefFoundError yaweza kumaanisha klasi ipo lakini ilishindwa kuanzishwa hapo awali, na sababu halisi iko juu zaidi kwenye logi.

Kuhusu matoleo makubwa, hapa afadhali mtu awe mkali tangu mwanzo. Spring iliondoa sehemu yake ya potileti kwenye toleo la 5.0 mwaka 2017, kwa hiyo mradi wa zamani unaotumia DispatcherPortlet ya Spring yenyewe unaishia kwenye tawi la 4.3. Anayetaka kusonga mbele anahitaji mbadala kama PortletMVC4Spring ya Liferay. Tomcat 10 nayo ilihamisha vifurushi kutoka javax.servlet kwenda jakarta.servlet, WAR ya zamani ukiitupa humo haitaamka, na hakuna mpangilio wa XML utakaoiokoa. Toleo la Java nalo huangaliwa kwa sekunde chache: UnsupportedClassVersionError ikitaja 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Linganisha iliyotumika kujenga na iliyopo kwenye seva, basi.

Hifadhidata: hakikisha jina la JNDI (jina ambalo programu hulitumia kuiomba seva muunganisho) lipo kwenye seva unayoiendea na kwamba seva hiyo inaifikia hifadhidata. Spring ikishindwa kuunda kijenzi kimoja cha muunganisho wakati wa kuwaka, huangusha vingine vyote pamoja nacho.

Kabla ya kupandisha, futa mabaki. Folda ya zamani iliyofunguliwa ndani ya webapps na ile ya work huweza kubaki na jar za toleo lililopita, ukajikuta unarekebisha WAR ambayo seva haiitumii.

Andaa na logi mapema, si baada ya ajali. Tomcat za zamani zikishindwa kumwasha msikilizaji huandika Error listenerStart na kunyamaza. Hapo usibaki unakodolea catalina.out, fungua faili la logi linaloanza na localhost kwenye folda ya logs, maana mara nyingi maelezo yameandikwa humo. Programu yenyewe nayo iwe na mpangilio wa logi unaofanya kazi ndani ya WEB-INF/classes, la sivyo Spring italia bila wa kuisikia. Ukishapata mlolongo wa makosa, shuka hadi Caused by ya mwisho kabisa ndipo uanze kusoma. Mistari ya juu hueleza tu nani alibeba maiti.

Limebaki moja ambalo watu hulihesabu kuwa kosa la kuamka, na silo. Potileti imeanza vizuri, logi ni safi, ila kisanduku kinatoka na kosa kila kinapochorwa. Tazama web.xml kama imemtaja ViewRendererServlet kwenye anwani ya /WEB-INF/servlet/view. Spring hupitisha kurasa za JSP (violezo vya HTML vya Java) kwa servleti hiyo, na ikikosekana hakuna anayelalamika mpaka dakika ya kuchora.