Jinsi ya kusoma "suspect" ya kale katika soneti ya 70 ya Shakespeare

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia binti wa kidato cha sita aliyekuwa akifasiri soneti hii, yaani shairi la mistari 14, iliyochapwa mwaka 1609. "Suspect" ya leo ni mshukiwa, au kitenzi cha kushuku, au kivumishi cha kitu kinachotia shaka. Zamani ilikuwa pia tuhuma yenyewe.

Hatua ya 1. Tafuta nakala yenye namba za mistari.

Hatua ya 2. Amua aina ya neno kabla hujafungua kamusi. Wengi hukwama hapa, kwa hiyo twende polepole. Mstari wa 3 ni "The ornament of beauty is suspect". Kwa Kiingereza cha leo utapata "pambo la uzuri linatia shaka", na kwa kuwa sarufi inakubali, huwezi kugundua kwamba umepotea. Shuka mstari wa 4: "A crow that flies in heaven's sweetest air". Kunguru huyu ni nani? Kivumishi hakiwezi kuwa kunguru, nomino inaweza. Kunguru ni tuhuma, inayokatiza kwenye anga safi. Hapo maana inageuka: tuhuma ndiyo pambo la uzuri, kwani mzuri hakosi kusemwa. Mstari wa 2 ulishatangulia kusema hivyo, kwamba shabaha ya masingizio siku zote ni wazuri.

Angalia na mstari wa 13, "If some suspect of ill". Usisome "ikiwa baadhi wanashuku". Kitenzi cha sentensi kiko mbele, "masked". Kwa hiyo hii ni "tuhuma fulani ya ubaya".

Ukisoma kwa sauti, kaza silabi ya pili. Ndivyo neno linavyopata kina na "defect" ya mstari wa 1.

Hatua ya 3. Thibitisha. Kamusi za mfukoni ziache kabisa, zitakupa maana ya leo tu. Mimi hutumia leksikoni ya Shakespeare, yaani kamusi ya maneno aliyoyatumia, ya Alexander Schmidt: iko bure mtandaoni, inatenga nomino na kitenzi, na inataja mistari neno linapotokea.

Hatua ya 4. Fasiri kwa "tuhuma", si "shaka". Shaka mtu anaweza kuwa nayo moyoni peke yake, hata juu ya nafsi yake. Tuhuma humwangukia mwingine, na shairi zima linamtetea anayeangukiwa.

Katika insha yako ya Kiingereza, andika "suspicion".